Hodhi likilia chini ya wayo, usikimbilie gundi

Kwaa! Ikiwa nyumbani kwako mna hodhi la kuogea lililotengenezwa kwa faibaglasi, huenda unaujua mlio huo. Unaingia bafuni alfajiri ungali na usingizi, unatia mguu mmoja ndani ya hodhi, nalo linabonyea na kutoa sauti kama kifuniko cha debe. Siku ya kwanza unashtuka. Siku ya pili unajiambia kwamba ni uzee wa nyumba. Baada ya mwezi umeshazoea, na unawafunza watoto wakanyage pembeni, kama watu wanaovuka mto kwa kurukia mawe.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwetu Buruburu kwa karibu miaka miwili.

Hodhi letu lilikuwa la rangi ya samawati iliyopauka, urithi kutoka kwa mstaafu aliyetuuzia nyumba mwaka 2016. Juu yake ilining'inia shawa ya kupasha maji kwa stima, ile nyeupe ya plastiki ambayo msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Ufa ulianza mwembamba kama unywele karibu na tundu la kutolea maji. Ukarefuka. Nikamwita fundi.

"Madam, hii si kitu," aliniambia hata kabla hajapiga magoti kuutazama.

Alilisugua hodhi kwa msasa, akachanganya gundi ya mikebe miwili, akabandika kipande cha kitambaa cha nyuzi za glasi na kupaka rangi juu yake. Nikamlipa Sh4,500. Kwa kweli kazi ilipendeza macho. Ilidumu wiki saba, kisha ufa ukarudi mahali pale pale, safari hii ukiwa na mdogo wake kando.

Nilimlaani fundi huyo moyoni. Baadaye nilipokuja kuelewa hodhi la aina hii limeundwaje, nikaona kwamba kosa lake halikuwa gundi. Kosa lake lilikuwa kutouliza ni kwa nini hodhi lilipasuka.

Msomaji, faibaglasi ni nyuzi nyembamba sana za glasi zilizoshikanishwa kwa utomvu wa kemikali ambao ukikauka huwa mgumu. Kiwandani, watu hutangulia kupaka kwenye kalibu ule utando laini unaong'aa ambao wewe unauona ukioga. Utando huo haufiki hata unene wa milimita moja. Nyuma yake ndipo hunyunyiziwa utomvu pamoja na nyuzi za glasi, na mara nyingi chini ya sakafu ya hodhi hupachikwa ubao wa kuipa nguvu. Kitu kinachotokea hapo ni chepesi, mtu mmoja anaweza kukibeba begani akapanda nacho ngazi, na ndiyo sababu mafundi walikipenda.

Lakini wepesi huo una gharama yake. Hodhi la chuma hujitegemea. La faibaglasi lazima lishikiliwe kutoka chini, ama kwa saruji iliyotandazwa vizuri ama kwa miguu imara isiyocheza. Fundi akiliweka juu ya nafasi tupu, kila unapokanyaga linapinda kidogo. Hebu fikiria mtu mzima wa kilo 70 na maji lita 150, ambayo ni kilo 150 nyingine, asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi. Siku moja ule utando unachanika. Maji yanapenya hadi kwenye ubao, ubao unafura na kuoza, na sasa hodhi linapinda zaidi kuliko awali. Kulipaka gundi juu wakati huo ni sawa na kuziba tundu la paa ambalo boriti zake zimeliwa na mchwa.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata senti, jaribu hivi. Panda ndani ya hodhi likiwa kavu, uhamishe uzito wako kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Likiwa halibonyei wala halilii, na ufa uko ubavuni, pengine mahali ulipoangusha chupa, basi kiraka kitafaa na kitadumu. Fungua dirisha lakini, kwa maana mvuke wa utomvu ule huumiza kichwa na hushika moto upesi, na ile dawa ya kuukausha ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha. Likiwa linabonyea, hifadhi pesa zako. Linatakiwa kutoka.

Sisi tulilijua hilo lakini tukaliahirisha. Karo ya shule, kodi ya gari, harusi ya huyu, mazishi ya yule. Bafu hutumiwa na watu wa nyumbani tu, mgeni haketi humo, na kwa hivyo ndilo huwa la mwisho kwenye orodha ya kila familia.

Kisha mnamo Agosti 2023 Baba akaja kutoka Bungoma.

Alikuwa na umri wa miaka 74, na goti lake la kulia lilikuwa limemsumbua hadi ikabidi aonane na daktari huku jijini. Nyumbani huoga kwa beseni, amesimama wima juu ya sakafu ya saruji. Kwetu alitakiwa kuinua goti hilo bovu juu ya ukingo wa hodhi ulio karibu nusu mita kutoka chini, asimame juu ya kitu kinachonesanesa na chenye utelezi wa sabuni, kisha arudie safari hiyo hiyo kutoka. Hakulalamika hata mara moja. Nilimsikia tu usiku mmoja akimwambia Mama kwa simu kwamba huku Nairobi watu huogea ndani ya mtumbwi.

Siku ya nne tulisikia kishindo. Alikuwa amemaliza kuoga na anatoka, mguu mmoja nje na mwingine ndani, hodhi likabonyea, naye akanyoosha mkono kushika chochote kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa bomba la shawa. Bomba likapinda, shawa ikang'oka ukutani ikabaki ikining'inia kwa nyaya zake, na mzee akaanguka ubavu.

Mungu ni mkubwa, hakuvunjika mfupa. Alikuwa na mchubuko mweusi pajani mkubwa kama sahani na hakuweza kulala upande huo kwa wiki mbili. "Ni sabuni tu, mwanangu," alizidi kunituliza. Nilijua haikuwa sabuni.

Kesho yake niliita fundi wa stima kuja kuirudisha shawa ile ukutani, na nilimtafuta mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, kwa sababu nilikuwa nimeshapata funzo langu na mafundi wa "hii si kitu". Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko, akatazama, na badala ya kuanza kazi akaniita.

Nyaya zinazofika kwenye shawa huwa tatu. Miwili huleta stima na kuirudisha. Wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, kazi yake ni moja tu: stima ikivuja ndani ya shawa, huipeleka ardhini ili isipitie mwilini mwako. Wetu ulikuwa umekatwa mfupi na kuzungushiwa utepe mweusi. Haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Haukuwa umewahi kuunganishwa.

"Mmekuwa mkirushwa?" aliniuliza.

Nikataka kusema la. Ndipo nilipokumbuka kwamba binti yangu, alipokuwa darasa la pili, alikuwa akisema mfereji wa bafuni "unatekenya". Tulikuwa tukimcheka. Baba yao alikuwa akimwigiza mezani wakati wa chakula. Kwa miaka saba watoto wangu walikuwa wameoga wakiwa wamelowa, miguu ndani ya maji, chini ya kifaa ambacho hakikuwa na njia nyingine ya kutoa stima iliyovuja isipokuwa wao.

Naomba msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye uhai na kifo. Wengi wenu mtavunja bafu kwa sababu ya hodhi, lakini yafaa mlivunje mkiwa na fundi wa stima mlangoni.

Shawa hizi, ambazo nyingi madukani mwetu hutoka Brazil, hutumia nguvu nyingi kuliko kifaa kingine chochote katika nyumba ya kawaida. Ile ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampea 23. Soketi ya ukutani unayochomekea pasi imefanyiwa ampea 13 tu. Kwa hivyo mtu akikuambia ataivuta shawa kutoka kwenye soketi ya chumba cha kulala, mwoneshe mlango. Inataka waya wake yenyewe, mnene, kuanzia kwenye kisanduku cha stima, na fundi wetu alitumia wa milimita za mraba 6. Inataka swichi yake inayokata njia zote mbili, nayo iwe nje ya bafu. Inataka ule waya wa ardhini uwe umeunganishwa na kupimwa kwa mashine, si kwa macho. Na juu ya hayo kuna kifaa kidogo kinachowekwa kwenye kisanduku cha stima, ambacho huhisi stima ikipotea njia na kuikata kabla moyo haujadhurika. Ulizia kile cha miliampea 30. Kwetu hakikuwapo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawakuambii usipouliza ni maji yenyewe. Katika shawa nyingi za bei nafuu, waya unaopasha moto umo uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji matamu. Kama ploti yenu hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya Nairobi vina chumvi, nunua shawa ambayo waya wake umefunikwa, iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Tofauti ya bei haifiki gharama ya matanga.

Nanyi wanafunzi mnaoishi katika hosteli na vyumba vya kukodi, nawasikia mkisema kwamba bafu si lenu na lanlodi hasikii. Msifungue kifuniko. Lakini mna macho na pua. Mfereji ukikutekenya, swichi ikiwa ya moto au imebadilika rangi, pakinuka plastiki iliyoungua, zima, uoge kwa beseni, na uandike barua kwa mwenye nyumba ubaki na nakala. Wala usibadilishe kiwango cha joto ukiwa umesimama chini ya maji yanayotiririka. Funga maji kwanza.

Sasa turudi kwenye hodhi. Swali lililogawanya nyumba yetu lilikuwa hili: tukiling'oa, tuweke jingine?

Binti yangu alitaka jingine. Jirani yangu mwenye pacha wa miezi minane naye alinisihi nisiwe mjinga, kwa sababu hakuna mahali pazuri pa kuwaogesha watoto wawili kwa pamoja kama hodhi. Ana haki. Kama una watoto wachanga na huna mzee nyumbani, weka hodhi, ila nunua la akriliki nzito au la chuma kilichopakwa enameli, na usimame juu ya kichwa cha fundi hadi uone saruji imetandazwa chini yake. La akriliki halipauki upesi kama faibaglasi na si baridi kama chuma. La chuma cha kusubu, lile la wazungu wa zamani, hudumu vizazi, lakini huzidi kilo 100, na sijui ni nani atakayekupandishia ngazi.

Mimi niliamuliwa na mtungi. Tangu mgao wa maji ulioanza Januari 2017 baada ya bwawa la Ndakaini kupungua, sote tumejifunza kuhesabu maji kwa mitungi ya lita 20. Hodhi likijaa vizuri ni mitungi minane. Shawa yetu, stima ikiwa imewaka, hutoa karibu lita nne kwa dakika, kwa sababu haiwezi kupasha maji mengi zaidi ya hayo kwa mara moja. Ukioga dakika tano umetumia mtungi mmoja. Mitungi minane kwa mmoja. Katika nyumba ya watu watano inayosubiri siku ya maji, hesabu hiyo haikuhitaji mkutano. Isitoshe, nilipowauliza wenzangu ni lini mtu aliwahi kujaza hodhi letu akalala ndani kama kwenye sinema, hakuna aliyekumbuka. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa karai kubwa la kusimamia.

Tukaamua kuweka shawa ya sakafuni, bila ukingo wa kuruka.

Siku ya kung'oa, hodhi lilikataa kutoka mlangoni. Nadhani lilikuwa limeingizwa kabla ya fremu kuwekwa. Likakatwa kwa grainda vipande vinne, na hapa nina onyo kwa wanaume wa nyumbani wanaopenda kujifanyia. Vumbi la faibaglasi ni glasi. Fundi alivaa barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu, akanyunyiza maji kwenye mstari wa kukata na kufunga mlango. Mume wangu, aliyesema anachungulia tu akiwa na fulana, alijikuna hadi Jumatano. Vumbi hilo likikushika, jisuuze kwa maji baridi mengi, usijisugue.

Chini ya hodhi tulikuta nafasi tupu ya kina cha kiganja, vipande vya matofali vinne vilivyowekwa kama mafiga, ubao uliooza ukawa kama uji, na maji yaliyotuama ambayo harufu yake siwezi kuieleza katika ukurasa wa familia. Bomba la zamani la chuma lilikuwa limeliwa na kutu hadi ukilibonyeza kwa bisibisi linaingia. Ile alama ya hudhurungi kwenye dari ya sebule, ambayo tulikuwa tumeipaka rangi mara tatu, ilikuwa moja kwa moja chini ya hapo.

Fundi mpya wa mabomba, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alibadilisha mabomba ya maji na kuweka yale ya plastiki yanayoungwa kwa moto. Bomba la kutolea maji machafu aliliondoa la inchi moja na nusu akaweka la inchi mbili, kwa sababu sakafu ya shawa haina ukingo wa kusubiri maji yakichelewa kutoka. Chini yake aliweka kile kipande kilichopinda kinachobaki na maji ndani. Wengi huona kipande hicho kama mapambo. Maji hayo ya kina cha sentimita 5 ndiyo yanayozuia harufu na mende wa mtaro wasipande hadi kwako.

Kisha mwashi akamimina sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Usikubali kuambiwa "maji yatajua njia". Maji hayajui njia. Shika pima maji wewe mwenyewe, uiweke sakafuni, utazame ile povu imeegemea wapi.

Baada ya sakafu kukauka, alipaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukikata mkono wa kwanza, akapanda nayo ukutani hadi juu ya kichwa cha mtu upande wa shawa. Watu wengi hudhani vigae ndivyo vinavyozuia maji. Sivyo. Maji hupita kwenye viungo vya vigae kama kawaida, na kinachookoa dari yako ni dawa hiyo iliyojificha chini.

Hapo ndipo tulipogombana. Mwashi alitaka kuanza vigae siku hiyo hiyo. Mimi nilitaka bafu lijaribiwe kwa saa 24: uzibe tundu, umwage maji hadi kina cha sentimita 3 hivi, uweke alama ya penseli ukutani, ulale. Alisema ninamcheleweshea kazi nyingine Umoja. Alisema hajawahi kuona mteja kama mimi. Nilimwambia kwamba siku ya kukaa bure nitamlipa nusu, akanyamaza.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya alama kwa sentimita nzima, na kwenye dari ya sebule palikuwa na unyevu wa ukubwa wa sarafu.

Uvujaji ulikuwa pale bomba la inchi mbili linapokutana na saruji, mahali ambapo dawa haikushika. Walipachimba, wakasafisha, wakapaka upya, wakangoja, wakajaza tena. Mara ya pili maji hayakuondoka. Nusu siku niliyomlipa mwashi ilinigharimu Sh900. Kama vigae vingekuwa vimeshawekwa, tungevunja kila kitu, ama, kama ninavyojifahamu, tungepaka dari rangi mara ya nne.

Kuhusu vigae nitakuwa mfupi. Nenda dukani na chupa ya maji. Mwaga kidogo juu ya kigae unachokipenda, ukanyage kwa kiatu na usukume mguu. Kikikutelezesha dukani, kitamwangusha mama mkwe wako. Vigae vidogo hushika mguu kuliko vikubwa kwa sababu ya wingi wa viungo vyake. Na wakati mwashi angali na tindo mkononi, mwambie akutobolee mahali pa chuma cha kujishikilia, kifungwe kwa bolti ndani ya jiwe, kwenye kimo cha kiuno. Vile vya mpira vinavyonyonya ukutani si vya kumwekea mzee uzito wake.

Mwaniuliza gharama. Fundi wa mabomba alichukua Sh12,000, mwashi Sh14,500 pamoja na ile nusu siku, na fundi wa stima Sh6,000. Vigae, saruji na dawa vilikula Sh31,000, shawa mpya na nyaya na swichi Sh13,500, mabomba na vifaa vyake Sh9,000. Jumla Sh86,000, na hapo sijahesabu Sh4,500 za gundi. Mpangaji asithubutu kutoa hizo mfukoni mwake kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba zitakatwaje kwenye kodi.

Ilibaki kuliondoa hodhi lenyewe. Vijana wa vyuma kuukuu walikuja na mizani yao wakifurahi, wakaligonga, wakasikia si chuma, wakaondoka bila kuaga. Mlinzi wa kotini akajitolea kuvichoma vipande hivyo jioni. Nilimkataza, kwa maana faibaglasi ikiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu na nyuzi za glasi hubaki kwenye majivu. Kuvipeleka Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001, nako hakukunipendeza. Mwishowe vipande viwili vikubwa vilichukuliwa na mama mmoja wa mtaani anayepanda sukuma wiki, akavisugua kingo kwa msasa na kuvijaza udongo. Viwili vilienda na lori la taka. Sikupata njia bora zaidi.

Baba alirudi Februari iliyofuata kuonana na daktari. Niliwaonya watoto wasimwambie lolote. Aliingia bafuni na fimbo yake, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha nikasikia maji. Jioni, kwenye simu, alimwarifu Mama kwamba mtumbwi umeondolewa na sasa watu wanaogea nchi kavu.

Mambo yalikuwa shwari hadi siku ya tatu, aliposikika akipiga ukelele kutoka bafuni. Nilipanda ngazi mbio moyo ukiwa mdomoni. Nilimkuta kitinda mimba wangu kwenye kolido, ameshikilia swichi ile ya nje, anaizima na kuiwasha huku akicheka, na ndani babu yake akipigwa na maji ya moto, ya baridi, ya moto, ya baridi. Fundi wa stima ameahidi kuja Jumamosi kuipandisha juu kidogo.